Ufuatiliaji wa Ulinganifu wa Saa za Kompyuta

Ulinganifu wa saa ni hali ya kompyuta zilizounganishwa kwa mtandao kuonyesha wakati mmoja, kwa tofauti isiyozidi kiwango kilichokubaliwa na wanaozitumia. Ulinganishaji ni kitendo cha kuzifikisha saa hizo kwenye hali hiyo, na ufuatiliaji wa ulinganifu ni kazi ya kupima, tena na tena, kama hali hiyo ingali ipo. Maneno hayo hayapaswi kubadilishana nafasi, kwa kuwa mfumo unaweza kuwa na programu ya ulinganishaji inayofanya kazi usiku na mchana na bado ukakosa ulinganifu. Istilahi ya usawazishaji wa wakati, ambayo nayo hutumika, ina kasoro yake: kinachorekebishwa si wakati bali chombo kinachouhesabu. Msemaji wa Kiswahili akisema kwamba saa haifuati majira, saa ndiyo inayolaumiwa na majira hubaki kuwa kipimo.

Saa ya kompyuta huhesabu mitetemo ya kipande cha fuwele ya kwatsi, na kwa kuwa mitetemo hiyo hubadilika kwa joto na kwa umri wa fuwele, hakuna saa mbili zinazokwenda kwa mwendo mmoja daima. Hapa huzaliwa istilahi mbili zinazohitaji kutengwa. Pengo ni tofauti iliyopo sasa kati ya saa na rejea yake, ilhali mkengeuko ni kasi ambayo kwayo pengo hilo hukua. Saa yenye mkengeuko wa sehemu 20 katika milioni, kiasi ambacho si cha ajabu kwa kompyuta ya kawaida, hupoteza au huongeza takriban sekunde 1.7 kwa siku, yaani karibu dakika nzima kwa mwezi.

Itifaki iliyoenea zaidi ya kuziba pengo hilo ni NTP, iliyobuniwa na David L. Mills wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, na kuchapishwa kwa jina hilo mwaka 1985. Kompyuta huandika wakati inapotuma ombi, seva huandika wakati inapolipokea na wakati inapojibu, kisha kompyuta huandika wakati jibu linapowasili. Kwa nyakati hizo nne hukokotolewa pengo pamoja na muda wa safari ya kwenda na kurudi. Hesabu hiyo, hata hivyo, huchukulia kwamba njia ya kwenda na ya kurudi huchukua muda sawa. Ombi likisafiri kwa milisekunde 10 na jibu kwa milisekunde 50, kosa la milisekunde 20 huingia katika pengo lililokadiriwa, na hakuna tarakimu yoyote kati ya zile nne inayoweza kulionyesha.

Seva zenyewe hupangwa kwa tabaka: saa ya atomu au kipokezi cha setilaiti ni tabaka 0, seva iliyoungwa nacho moja kwa moja ni tabaka 1, na kuendelea hadi 15, huku 16 ikimaanisha saa isiyolinganishwa. Tabaka hueleza umbali kutoka kwenye chimbuko, wala si cheti cha usahihi, ingawa wasimamizi wengi wa mitandao hulisoma hivyo.

Ufuatiliaji ulio dhaifu ni ule unaoiuliza kompyuta kama imelinganishwa na kuridhika na jibu lake, kwani kompyuta iliyopotoshwa na seva yake hujibu kwa uaminifu kwamba mambo ni shwari. Tarehe 19 Novemba 2012 seva mbili za kituo cha falaki cha Jeshi la Majini la Marekani, zilizojulikana kwa majina ya tick na tock, zilitangaza kwa muda kwamba ulikuwa mwaka 2000, na baadhi ya mifumo iliyozitegemea ikarudi nyuma miaka kumi na miwili. Seva hizo zilikuwa zikijibu maombi, kwa hiyo kipimo cha kuitika pekee kisingegundua lolote. Kinachotakiwa ni mpimaji wa kando, mwenye rejea zake mwenyewe, anayelinganisha pengo la kila kompyuta na rejea hizo. Nazo zisiwe mbili, kwa sababu mbili zikihitilafiana haijulikani ipi imekosea, hivyo nne huhesabiwa kuwa idadi ya busara.

Pengo la saa tatu kamili katika Afrika Mashariki ni suala jingine kabisa. NTP husafirisha wakati wa ulimwengu, usiojua Nairobi wala Zanzibar, na saa hizo tatu huongezwa wakati wa kuonyesha tu, kwa hiyo kosa la namna hiyo kwa kawaida hutokana na mpangilio wa ukanda wa saa.

Kiwango cha kutoa onyo hufuata matumizi. Mfumo wa utambulisho wa Kerberos kwa kawaida hukataa pengo linalozidi dakika 5, hivyo onyo la sekunde kadhaa hutosha. Lakini kanuni za Umoja wa Ulaya, zilizoanza kutumika Januari 2018, huwataka wanaouza na kununua hisa kwa kompyuta za kasi kubwa wasiachane na wakati wa ulimwengu kwa zaidi ya sehemu 100 katika milioni za sekunde moja, na kwa hao lile kosa lisiloonekana la njia zisizolingana huwa kubwa kuliko kiwango chote walichoruhusiwa, ndiyo maana hufunga vipokezi vya setilaiti katika majengo yao wenyewe.