Sindromu ya Down: Mafunzo yaanzie nyumbani, mapema

MTOTO mwenye sindromu ya Down kwa kawaida huzaliwa na kromosomu 47 badala ya 46, ile ya 21 ikiwa tatu. Daktari Mfaransa Jérôme Lejeune na wenzake walitangaza ugunduzi huo mwaka 1959. Si laana, wala si kosa la mama.

Misuli ya mtoto huyu huwa legevu. Hunyonya kwa shida na huchelewa kuketi, kutembea na kusema. Hata hivyo hujifunza, hasa akianza akiwa mchanga.

Kwanza apimwe moyo, kwani karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro za moyo. Masikio, macho na tezi ya shingoni pia yakaguliwe.

Katika Turkana, kikwazo ni umbali. Kutoka Kakuma, penye kambi ya wakimbizi tangu 1992, hadi hospitali ya rufaa ya Lodwar ni takriban kilomita 120. Kwa hivyo kila safari ya kliniki yafaa imfunze mlezi kazi ya nyumbani.

Mtoto akiwa macho, alazwe kifudifudi mkekani, mlezi akiwa kando, ili shingo ipate nguvu. Asemeshwe akitazamwa usoni, neno likiandamana na ishara ya mkono, maana hushika upesi zaidi anachokiona. Makoma machache na kikapu vyatosha kumfunza kushika, kutia na kutoa.

Vituo vya serikali vya kutathmini watoto wenye ulemavu vilianzishwa nchini mwaka 1984. Mzazi asingoje umri wa shule ndipo abishe hodi.