Gereza Kabla ya Kuwa Jela

Ndugu msikilizaji, kila siku watu wanateremka Gerezani, hapa Dar es Salaam, wakielekea Kariakoo. Wengi wakilisikia jina hilo huwaza wafungwa tu. Lakini katika Kiswahili cha zamani gereza lilikuwa pia ngome ya vita. Wataalamu wa lugha hulihusisha na neno la Kireno igreja, yaani kanisa. Huko Kilwa Kisiwani, boma la mawe la Waarabu wa Omani lililo ufukweni mpaka leo huitwa Gereza.

Gereza ninalotaka kulizungumzia leo ni lile mashuhuri la Mombasa, Ngome ya Yesu. Wareno walianza kulijenga mwaka 1593, juu ya mwamba wa matumbawe, kwa ramani ya Mtaliano Cairati. Baada ya Wareno kunyang'anywa Hormuz mwaka 1622 na Muscat mwaka 1650, Mombasa ikawa mpaka wao na Waomani.

Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan wa Mombasa, aliyelelewa na Wareno huko Goa na kubatizwa, aliwageuka, akamuua kapteni wao na kuitwaa ngome. Wareno walikuja kuizingira mwaka 1632, wakashindwa. Sultani alipoondoka kwa hiari yake ndipo waliporudi.

Mazingiwa makubwa yalianza Machi 1696. Imamu Saif bin Sultan wa Omani alileta jeshi lake, na wenyeji wengi wa pwani waliochoshwa na Wareno wakaliunga mkono. Hata hivyo, si wenyeji wote waliokuwa upande huo. Mamia ya Waswahili, wanawake na watoto wakiwemo, walikimbilia ndani ya ngome pamoja na Wareno. Ndugu walitazamana kupitia matundu ya mizinga.

Kuta hazikubomoka. Kilichoua watu ni maradhi na njaa. Ilipofika Agosti 1697, karibu Wareno wote walikuwa wamekwisha kufa. Basi ngome hiyo ya mfalme wa Ureno ikalindwa na Bwana Daud, wa ukoo wa watawala wa Faza, na Waafrika wachache, wanaume kwa wanawake, mpaka msaada ulipofika Septemba. Majina ya makapteni yameandikwa. Ya wale wanawake sisi hatuyajui.

Usiku wa kuamkia tarehe 13 Desemba 1698, Waomani walipanda ukuta. Ndani walikuwamo watu wachache, wagonjwa na wenye njaa. Siku chache baadaye merikebu za msaada kutoka Goa zikatokea baharini, zikaona bendera nyekundu juu ya ngome, zikageuza tanga.

Je, Mombasa ilipata nini? Ilipata bwana mwingine. Mwaka 1728 Wareno walirudi, na mwaka 1729 watu wa mji wenyewe wakawafukuza, wakawaita Waomani tena. Baadaye Wamazrui walishika ngome hiyo mpaka mwaka 1837, Seyyid Said alipoichukua. Waingereza nao, kuanzia mwaka 1895, waliigeuza kuwa jela hadi mwaka 1958. Hapo ndipo gereza lilipokuwa gereza kwa maana yetu ya leo.

Mimi naona fundisho ni hili. Aliyemwita mgeni amfukuzie mgeni aliishia chini ya mizinga ileile, na aliyemlindia mgeni ukuta wake alikufa bila kuandikwa. Wapiganao fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Na hapa nyasi zilikuwa pande zote mbili.

Tangu mwaka 1960 ngome ni makumbusho, na mwaka 2011 iliingizwa katika Urithi wa Dunia. Mwanafunzi akipelekwa kuiona, asiulize tu nani aliijenga na nani aliiteka. Aulize pia ni nani aliyebeba maji na nani aliyezika maiti.