Njia ya Bagamoyo hadi Ujiji: Nani Aliyebeba Mizigo?



Ndugu waamini wapendwa, katika tafakari ya juma hili tunapenda kuitazama pamoja nanyi safari iliyoileta Injili katika mwambao huu wa Ziwa Tanganyika. Kila inapoadhimishwa jubilei tunayasikia majina ya mapadre wa kwanza, na ni haki yao kukumbukwa. Hata hivyo, hawakutembea peke yao.

Mwezi Juni 1878 waliondoka Bagamoyo wamisionari kumi wa shirika la Wamisionari wa Afrika, ambalo Askofu Mkuu Charles Lavigerie wa Algiers alilianzisha mwaka 1868. Mbele yao kulikuwa na mwendo wa takriban kilomita 1,200 hadi Ujiji. Mwezi Agosti Padre Joachim Pascal, aliyekuwa mkuu wa kundi la Tanganyika, alifariki kwa homa njiani, kabla ya kulifikia ziwa alilotumwa. Walipofika Tabora waligawanyika: akina Padre Livinhac na Padre Lourdel wakaelekea Nyanza na Buganda, akina Padre Deniaud wakashika njia ya magharibi, wakaingia Ujiji mwezi Januari 1879.

Sasa tujiulize: vyombo vya Misa, vitabu, dawa na mahema vilifikaje? Kwa sababu ya mbung'o, wanyama wa mizigo hawakuweza kutegemewa. Kila kitu kilipanda kichwani au begani mwa mtu. Mpagazi mmoja alibeba kama frasila mbili, yaani kilo 30 na zaidi. Vilibebwa hata vitambaa, shanga na nyaya, maana hizo ndizo zilizokuwa fedha za kununulia chakula na kuwalipa watemi hongo ya kupita katika nchi zao.

Wapagazi wengi katika njia hiyo walikuwa Wanyamwezi, watu huru walioifanya kazi hiyo kwa ujira na kwa fahari, wakizifahamu njia tangu kabla ya mgeni yeyote wa Ulaya kufika. Wengine, hasa kutoka pwani, walikuwa watumwa waliokodishwa, na sehemu ya ujira wao ilikwenda kwa bwana zao. Wengi wao hawakuwa Wakristo. Kiswahili chenyewe tunachosalia leo kilifika huku kwa njia hiyo hiyo ya misafara.

Wala tusisahau kwamba katika njia hiyo wengine walitembea kuelekea mashariki wakiwa wamefungwa minyororo, wakienda kuuzwa. Ujiji ilikuwa soko la pembe za ndovu na la wanadamu. Wamisionari waliliona jambo hilo, wakaanza kuwakomboa watoto kwa kuwalipia bei. Ilikuwa huruma ya kweli, lakini yenye ugumu, kwa kuwa anayelipa hulishika soko hata kama nia yake ni kuwafungua waliouzwa. Tarehe 4 Mei 1881, huko Rumonge katika Burundi ya leo, ugomvi uliomhusu mtoto aliyekombolewa uliishia katika mauaji ya Padre Deniaud, Padre Augier na msaidizi wao D'Hoop.

Kati ya waliokombolewa, mmoja tunamfahamu vema: Adrien Atiman, mzaliwa wa karibu na Timbuktu, aliyetekwa nyara angali mtoto. Baada ya kukombolewa alisomea uganga huko Malta, akafika Karema mwaka 1889, akawa katekista na tabibu hapo mpaka kufa kwake mwaka 1956. Aliyewahi kuwa bidhaa akawa mponyaji wa watu wa ziwa hili kwa zaidi ya miaka 60.

Mwinjili Marko anatusimulia habari za Simoni Mkirene, mtu aliyekuwa akipita njia, akalazimishwa kuubeba msalaba wa Bwana. Marko hakuridhika kusema tu kwamba "mtu mmoja" aliubeba. Alimtaja kwa jina, akawataja na wanawe, Aleksanda na Rufo. Kanisa la kwanza liliona kwamba aliyebeba mzigo anastahili jina. Sisi tumewatunza Simoni wetu namna gani?

Majina yao hatuwezi kuyarudisha yote. Tunaweza, hata hivyo, kuwaombea. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba kila tunapowaombea marehemu waliotuletea imani, tuongeze nia kwa ajili ya wapagazi wa njia ya Ujiji, Wakristo na wasio Wakristo, na kwa ajili ya wale waliopita njia hiyo katika minyororo. Na tukitoka kanisani, tumtazame anayetubebea mizigo leo, sokoni na bandarini: tumwulize jina lake, tumlipe haki yake bila kumcheleweshea.

Mungu awabariki nyote. Amina.