Mrisho Ngassa: winga aliyezunguka na mikataba

Tarehe 6 Mei 2019, kwenye Uwanja wa Samora mjini Iringa, Lipuli iliichapa Yanga mabao 2-0 katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho. Paul Nonga alifunga, Daruweshi Saliboko naye akafunga. Kwa mashabiki wa Iringa, kuanzia mjini hadi Tosamaganga, ushindi ule ulikuwa mkubwa kuliko fainali yenyewe, ambayo Lipuli, Wanapaluhengo, waliipoteza kwa Azam bao 1-0 kule Lindi. Lipuli ilikuwa imerejea ligi kuu msimu wa 2017/18 tu, na sasa Yanga, watu wa Jangwani, walikuwa wanapanda basi kimya kimya.

Kikosi cha Yanga cha msimu huo kilikuwa na mtu ambaye Nyanda za Juu Kusini zilimfahamu kwa jezi nyingine kabisa. Mrisho Khalfan Ngassa, "Anko", alikuwa ameshavaa zambarau ya Mbeya City. Kabla ya hapo alikuwa amevaa jezi za Kagera Sugar, Yanga, Azam, Simba, Yanga tena, Free State Stars ya Afrika Kusini na Fanja ya Oman. Baada ya Mbeya akaenda Ndanda ya Mtwara, kisha ndipo akajiunga na Yanga kwa mara ya tatu. Ukimtazama haraka utasema ni mchezaji asiyetulia. Ukizifuata karatasi za usajili wake, unaona kwamba mara nyingi kilichomhamisha ni hesabu za fedha na saini, zake na za watu wengine.

Mpira ulikuwa wa nyumbani kwao. Baba yake, Khalfan Ngassa, alikuwa mchezaji aliyejulikana, na kijana alitokea Kagera Sugar kabla ya kutua Yanga mwaka 2006. Alikuwa mwembamba, mwepesi, mwenye mbio zilizowatesa mabeki wa pembeni. Februari 2009, katika fainali za kwanza za CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, zilizofanyika Ivory Coast, ni yeye aliyefunga bao pekee Taifa Stars ya kocha Marcio Maximo ilipowafunga wenyeji 1-0. Miezi miwili baadaye alikuwa London, akifanya majaribio West Ham United. Hakupata mkataba, lakini tangu siku hiyo kila dirisha la usajili lilipofunguliwa, jina lake lilikuwa kwenye kurasa za mbele.

Mwaka 2010 Azam ikamchukua kutoka Yanga kwa Sh58 milioni. Kwa soka la Tanzania la wakati ule hizo zilikuwa fedha za kutisha, na kuna watu walioamini kwamba mchezaji wa ndani hawezi kufika bei hiyo. Ngassa alizilipa kwa mabao: msimu wa 2010/11 aliibuka mfungaji bora wa ligi.

Julai 2011 akapaa hadi Seattle, Marekani, kwa majaribio mengine. Seattle Sounders walikuwa na mechi ya kirafiki na Manchester United, wakafungwa 7-0, Wayne Rooney akiondoka na mabao matatu. Ngassa aliingia akitokea benchi. Kwa Watanzania waliokesha, ile ilikuwa burudani ya aina yake: kijana waliyezoea kumwona Uwanja wa Taifa anamkimbiza beki wa Man U. Ila mkataba haukuja, akarudi Azam, Chamazi.

Halafu likaja lile busu. Kombe la Kagame, Julai 2012, nusu fainali: Ngassa anaifungia Azam bao la ushindi dhidi ya AS Vita ya Kongo, kisha katika kushangilia anaibusu jezi ya Yanga. Mashabiki wa Jangwani walipagawa. Viongozi wa Azam walinuna, na kwa kweli ni vigumu kuwalaumu, maana mshahara walikuwa wanaulipa wao. Wakamweka sokoni. Yanga wakaja na dau lao, Simba wakaweka Sh25 milioni, wakashinda. Mtu aliyebusu jezi ya Yanga hadharani akajikuta kwa mkopo Msimbazi, kwa watani wa jadi.

Kabla ya msimu kwisha, Simba na Azam walikubaliana kumuuza El Merreikh ya Sudan. Mwenyewe akagoma kwenda.

Kugoma huko kuna maana yake ukikulinganisha na michezo ya wenzetu. Katika besiboli ya Marekani, mara nyingi klabu ina uwezo wa kumhamisha mchezaji bila kumuuliza, akaamka asubuhi na kukuta mji wake wa kazi umebadilika. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, mlinzi wa eneo la ndani, alisajiliwa na Pittsburgh Pirates mwaka 2008, akahangaika madaraja ya chini karibu miaka tisa, na tarehe 26 Aprili 2017 akawa mchezaji wa kwanza mzaliwa wa Afrika kucheza ligi kuu ya kule. Novemba ya mwaka huohuo Pirates wakampeleka Toronto, nao wakaahidiwa mchezaji ambaye jina lingetajwa baadaye, au fedha. Ngassa alikuwa na nafasi ambayo Ngoepe hakuwa nayo: bila saini yake, safari ya Sudan haikuwezekana.

Lakini saini hiyohiyo ndiyo iliyomponza. Mei 2013 alimwaga wino Yanga. Simba wakaja juu wakisema walishampa Sh30 milioni aongeze mkataba kwao. Agosti, kamati ya Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) ikamfungia mechi sita na kumwamuru arudishe zile Sh30 milioni pamoja na faini ya nusu yake, jumla Sh45 milioni. Ndipo linapoonekana tatizo la soka letu: mchezaji anaishi kwa fedha za usajili zaidi kuliko mshahara, kwa hiyo kila saini ni mavuno, na anayepanda mashamba mawili kwa msimu mmoja anaishia kudaiwa mbegu. Ngassa alikopa benki kulilipa deni hilo, na baadaye alieleza magazetini jinsi lilivyomkosesha raha.

Uwanjani, hata hivyo, ule ndio ulikuwa wakati wake bora. Februari 2014, Ligi ya Mabingwa Afrika, Yanga iliifunga Komorozine ya Comoro 7-0 Dar es Salaam na 5-2 ugenini. Ngassa alifunga mabao matatu katika kila mechi. Raundi iliyofuata Yanga iliifunga Al Ahly bao 1-0 nyumbani, ikafungwa kama hivyo Misri, na kutolewa kwa penalti.

Baada ya ubingwa wa 2014/15 akaondoka kwenda Free State Stars kwa mkataba wa miaka minne. Kocha aliyempokea Bethlehem, mji wa klabu hiyo, alikuwa Kinnah Phiri wa Malawi. Phiri hakudumu pale. Mwanzoni mwa 2016 alikuwa Mbeya, akiinoa Mbeya City. Ngassa naye hakuimaliza ile miaka minne. Akapita Fanja ya Oman kwa muda mfupi, na Desemba 2016, dirisha dogo, akatua Mbeya kwa kocha yuleyule.

Klabu aliyoikuta ilikuwa na hadithi yake. Halmashauri ya Jiji la Mbeya iliianzisha mwaka 2011, ikapanda ligi kuu 2013, na msimu wake wa kwanza chini ya Juma Mwambusi ikamaliza ya tatu, juu ya Simba. Siku hizo Uwanja wa Sokoine uligeuka zambarau, na mashabiki waliifuata timu mikoani kwa mabasi. Miaka mitatu baadaye moto ulikuwa umepoa, mastaa wa mwanzo wamechukuliwa na klabu kubwa, na timu ikawa inatafuta majina. Juma Kaseja alikuwa amedaka hapo. Ngassa alikuja na umri wa miaka 27, miguu imeshakimbia viwanja vya nchi tatu, na Mbeya, kwa baridi yake na majani yaliyolowa mvua, si mahali pa kumrahisishia winga kazi.

Aliporejea Yanga mwaka 2018 aliikuta klabu iliyofilisika mfukoni. Kocha Mwinyi Zahera alikuwa anahimiza mashabiki wachange, na wachezaji walikuwa wanasubiri mishahara. Ngassa alicheza hivyohivyo, akiwa mzee wa kikosi.

Kwa Taifa Stars rekodi zinamhesabia mabao 25. Yanga, klabu aliyoibusu akiwa na jezi ya wengine, aliihama mara tatu: mwaka 2010 kwa Sh58 milioni, mwaka 2015 kwa mkataba wa Afrika Kusini, na Agosti 2020 jina lake likiwa katikati ya orodha ndefu ya wachezaji walioachwa.