Tumwite Orka

Kutoka Milima ya Upare huwezi kuiona bahari, lakini nyangumi alifika huko zamani. Wamisionari wa Kiadventista walipofungua kituo chao Giti, Upare Kusini, mwaka 1903, walikuja na habari za Yona, na Yona hasimuliwi bila mnyama aliyemmeza. Biblia ya Kiswahili katika kitabu cha Yona mwenyewe inamtaja samaki mkubwa tu. Ukifika Mathayo 12 amekwisha kuwa nyangumi. Ndiyo maana mtoto wa Suji au Mamba anaweza kukuchorea nyangumi kabla hajateremka hata mara moja mpaka Tanga. Pomboo hakupata bahati hiyo. Huku milimani tunamkuta vitabuni, basi.

Kizimkazi, kusini mwa Unguja, pomboo ni jirani. Hadi mwaka 1996 wavuvi wa huko walikuwa wakimwinda na kutumia nyama yake kuwa chambo cha papa. Wakati huohuo watalii walikwisha kuanza kuja kumtazama, na aliyekuwa chambo akageuka riziki kwa njia nyingine. Ghuba ya Menai, anamokaa, ikawa eneo la hifadhi mwaka 1997.

Pomboo huyo ana ndugu mkubwa, na jina la ndugu huyo ndilo linalonikosesha raha. Anapenda zaidi maji ya baridi, na katika pwani yetu huonekana kwa nadra. Tunamfahamu kupitia filamu na habari zilizotafsiriwa, na humo anaitwa "nyangumi muuaji". Jina hili lina maneno mawili, na yote mawili yana kasoro.

Nyangumi kwanza. Wataalamu wa viumbe wanamweka mnyama huyu katika familia ya pomboo, na ndiye mkubwa kuliko wote: dume hufikia mita 8 na zaidi, na pezi lake la mgongoni linaweza kusimama karibu mita 1.8 juu ya maji. Inasimuliwa kwamba mabaharia wa Kihispania, walipomwona akiwashambulia nyangumi, walimwita muuaji wa nyangumi. Kiingereza kikageuza mpangilio wa maneno, nasi tukatafsiri yaliyokwisha kugeuzwa. Kwa Kiswahili kosa lenyewe ni dogo: toa "wa", geuza mpangilio, na anayewinda nyangumi anageuka kuwa nyangumi.

Muuaji ni neno zito zaidi. Kwetu ni neno la mahakamani na la matangani, linamhusu mtu. Simba akila pundamilia hatumwiti muuaji. Hata wale simba wawili wa Tsavo, ng'ambo tu ya Mkomazi, waliowatia hofu wajenzi wa reli mwaka 1898, Kiswahili kiliwaita wala watu: shtaka lenye ushahidi, wala halikuvuka mpaka wa ushahidi huo. Mnyama wetu wa baharini, ambaye mimi namwita orka, hana hata shtaka hilo. Hakuna kifo cha binadamu kilichothibitishwa kusababishwa naye baharini. Wapo orka katika pwani ya magharibi ya Kanada ambao chakula chao ni samaki, na wengine wa maji hayohayo wanaowinda sili na pomboo, na makundi haya mawili hayachangamani. Neno "muuaji" halikuambii lolote kuhusu tofauti hiyo.

Watu wa Same tunalijua vizuri jambo hili, kwa sababu tunaye mnyama aliyeumizwa na jina. Ukipita lango la Zange kuingia Hifadhi ya Mkomazi, unaingia nchi ya mbwa mwitu. Kuanzia miaka ya 1990 walizalishwa huko na kurudishwa porini, kwa kuwa walikuwa wamebaki wachache mno. Enzi za ukoloni, katika nchi nyingi za Afrika, walipigwa risasi kwa amri, wakihesabiwa kuwa waharibifu. Na Jumapili au Sabato, kanisani, mbwa mwitu ni nabii wa uongo aliyevaa ngozi ya kondoo. Mnyama wa andiko ni mwingine kabisa, wa nchi za kaskazini, ambaye Afrika Mashariki hayupo. Wafasiri walimvisha jina la huyu wetu, na huyu wetu akabebeshwa tabia za yule. Sisemi jina peke yake ndilo lililofyatua bunduki. Nasema halikumsaidia.

Mtazame kwa karibu. Masikio ya duara, ncha ya mkia nyeupe, na mwilini mabaka meusi, manjano na meupe ambayo hayafanani kwa mbwa wawili. Watafiti humtambua kila mmoja kwa mabaka yake. Orka naye ana baka jeupe nyuma ya jicho, na jingine la kijivu nyuma ya pezi. Katika miaka ya 1970 Michael Bigg, kule Kanada, alionyesha kwamba kwa picha za pezi na baka hilo unaweza kumjua kila orka peke yake, kisha ukamfuatilia yeye na ukoo wake mwaka hadi mwaka. Baka ni neno letu la kila siku, na hapa linafanya kazi ya istilahi bila kubadilishwa hata herufi. Ningependa kuliona katika kila kitabu cha sayansi kinachowaeleza wanyama hawa.

Kitenzi nacho kina uzito wake. Kumtazama pomboo si kumfukuza, ingawa kwenye mashua ya watalii mambo haya mawili yanachanganywa kila siku. Uchunguzi uliofanyika kusini mwa Unguja ulionyesha kwamba mashua zikisongamana, pomboo hupunguza kupumzika.

Basi BAKITA na wenye kamusi wakikaa, ombi langu ni fupi: orka, lenye upatanisho wa viumbe hai, orka huyu, orka hawa, na maelezo yake yaanze na neno pomboo. Mtoto wake wengine wamekwisha kumwita ndama. Kwa mfugaji wa Kipare ndama ni wa ng'ombe, naye hutenganishwa na mama ili maziwa yakamuliwe. Mimi naona "mtoto wa orka" latosha, maana kwa wale wanaokula samaki, hata dume aliyekomaa haachani na mama yake, na mara nyingi anayetangulia kundi ni bibi.