Yaliyomalizwa Kinyumbani

Mwaka 1998 Bunge, ambalo vikao vyake vilikuwa vimekwisha kuhamia hapa Dodoma, lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana. Chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, kilikuwa miongoni mwa walioipigania. Ilikuwa sheria kali. Mtu mzima aliyembaka mtoto hakupungukiwa miaka 30 gerezani, na mtoto akiwa chini ya miaka 10, kifungo cha maisha. Tena mahakama iliweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake, ikiridhika kwamba asemayo ni kweli. Hata hivyo mlango mmoja uliachwa wazi: binti wa miaka 15 aliyeolewa hakulindwa na umri wake mbele ya mumewe, kwani Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimruhusu kuolewa.

Baina ya sheria hiyo na mtoto kuna nyumba, na ndani ya nyumba kuna wazee. Katika nchi hii ya ng'ombe, kosa la mwili limezoeleka kupimwa kwa mifugo. Ugomvi hukoma pale baba anapopokea chake. Mtoto hapokei kitu. Nami nadhani ukali wa adhabu, pamoja na wema wake, uliwapa wazee sababu mpya ya kunyamaza. Miaka 30 kwa mjomba anayelisha kaya mbili? Basi mama anaambiwa asivunje ukoo, mtoto anapelekwa kwa bibi yake kijiji kingine, na siku ya kesi mashahidi hawaonekani. Kisheria shauri la ubakaji ni la Jamhuri, si la baba. Lakini Jamhuri bila shahidi haina la kusema.

Aendaye polisi naye ana yake. Hutakiwa fomu ya PF3 ndipo aende kwa daktari, na kituo huweza kuwa mbali kuliko zahanati. Mama mwenye akili hufua nguo ya mtoto na kumwogesha kabla ya safari, kwa heshima, na ushahidi unakwenda na maji.

Utafiti wa kitaifa wa 2009, uliotangazwa 2011, ulikuta kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wapo na wavulana, ambao husema kwa nadra zaidi.

Tarehe 9 Desemba 2017, katika Uwanja wa Jamhuri Dodoma, Rais Magufuli alitangaza msamaha kwa mwanamuziki Nguza Viking na mwanawe Papii Kocha, waliofungwa maisha mwaka 2004 kwa kubaka watoto wa shule ya msingi Dar es Salaam. Uwanja ulishangilia. Machi 2018 Mahakama ya Afrika, Arusha, iliamua kwamba haki yao ya kujitetea ilikuwa imevunjwa, kwa kuwa hawakupewa nakala za maelezo ya mashahidi. Kesi ikiendeshwa ovyo, mshitakiwa na mtoto wote hupunjwa. Wale watoto, waliokuwa na miaka 6 hadi 8 mwaka 2003, siku ya uwanja ule walikuwa wamepita 20.