Chumvi ya Ruwenzori

Sisi wa Kisangani twalijua vema jina la Stanley. Ndiye aliyeanzisha kituo hapa kwenye maporomoko, Desemba 1883, na mji wetu ukaitwa Stanleyville hata mwaka 1966. Lakini si wengi wajuao kwamba mtu huyo huyo aliuona pia mlima wa barafu mpakani mwa nchi yetu. Leo twataka kuwasimulia habari za barafu hiyo, kwani inakwisha.

Mwaka 1887 Stanley alipanda mto Aruwimi kwenda kumtafuta Emin Pasha. Alipita Yambuya, akaingia msitu wa Ituri, na watu wengi wa msafara wake wakafa kwa njaa na maradhi. Mei 1888, alipokuwa karibu na Ziwa Albert, kijana mmoja alimwonyesha mlima uliosemwa kuwa umefunikwa na chumvi. Stanley kwanza alidhani ni wingu. Baadaye akatambua kwamba chumvi ile ni theluji. Ulikuwa Ruwenzori. Bakonzo, wenyeji wa huko, na ndugu zao Banande, ambao wengi wanafanya biashara hapa mjini kwetu, hawakungoja mgeni awaambie. Walikwisha kuiita theluji nzururu, na mlima wakauita Rwenzururu, yaani mahali pa theluji.

Pengine mtauliza: yawezekanaje barafu kukaa karibu na ikweta, ambapo sisi twatoka jasho tangu asubuhi? Kilele cha Margherita kina meta 5,109, na kadiri mtu apandavyo juu, hewa huzidi kuwa baridi. Theluji huanguka juu ya theluji. Ile ya chini hugandamizwa hata ikawa barafu ngumu. Kisha barafu hiyo, kwa uzito wake yenyewe, huteremka polepole bondeni, na ndiyo maana twaweza kuiita mto wa barafu. Mfano wake ni ghala la mpunga. Theluji inayoanguka ni mavuno, na barafu inayoyeyuka ni chakula cha kila siku. Mavuno yakiwa haba kuliko kinacholiwa, ghala litakwisha, hata kama hakuna mwizi aliyeingia.

Twajuaje basi kwamba ghala hili lapungua? Mwaka 1906 Luigi wa Savoia, mwenye cheo cha Duke wa Abruzzi, kutoka Italia, alifika huko na wapanda milima na mpiga picha Vittorio Sella. Tarehe 18 Juni walikanyaga kilele cha Margherita. Wakachora ramani, na Sella akapiga picha nyingi. Wakati ule barafu ilikuwako juu ya milima yote sita: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Tena ilienea zaidi ya kilometa mraba 6. Mwaka 1932 Wabelgiji walioongozwa na Xavier de Grunne walipanda kutoka upande wetu wa Kongo. Katika miaka ya 1950 wataalamu wa Makerere, huko Uganda, wakaanza kupima ncha za barafu. Mwaka 1987 zilibaki kilometa mraba 2 hivi. Mwaka 2003, yapata 1 tu, na milima mitatu kati ya ile sita ilikuwa imekwisha kubaki mawe matupu. Tangu hapo barafu imezidi kupungua.

Sababu ni nini? Wataalamu wasema kwamba joto la dunia limepanda, hasa kwa moshi wa makaa ya mawe na petroli inayochomwa katika nchi zenye viwanda. Tena, mwisho wa karne ya 19 hewa ya Afrika Mashariki ilianza kuwa kavu zaidi. Theluji mpya ni nyeupe, nayo hurudisha mwanga wa jua. Ikikosekana, barafu ya zamani yenye vumbi hunywa joto na kuyeyuka upesi. Ndivyo ilivyo hata Kilimanjaro na mlima Kenya.

Hapa tuseme kweli, tusiwatie watu hofu bure. Mito ya Ruwenzori haitakauka kwa sababu hiyo, kwani maji yake mengi hutoka kwenye mvua na vinamasi. Wala mto wetu hapa haupati tone kutoka huko: maji ya upande wa Kongo wa mlima ule huingia mto Semliki, yakaenda Nile. Kinachopotea ni shahidi. Barafu ile ilikuwa kama kitabu cha hali ya hewa, na kurasa zake zinafutika kabla hatujazisoma. Mtoto wa Beni atarithi jina Rwenzururu, lakini akiinua macho hataiona nzururu.

Tujifunze neno moja. Bila picha za mwaka 1906, nani angetuamini leo? Basi, wasomaji, mnao wazee nyumbani. Waulizeni mvua zilianza mwezi gani walipokuwa vijana, na maji ya mto yalifika wapi penye miamba ya Wagenya. Andikeni majibu yao, pamoja na mwaka. Mzee hakai milele, na tumeona kwamba hata mlima hubadilika.